Pilau na Mtindi: Desemba Tatu za Kilosa

Mwaka 2000 ulikuwa na Idd el-Fitri mbili. Ya kwanza ilikuwa Januari, siku chache tu baada ya dunia kumaliza wasiwasi wake wa kompyuta na tarakimu za mwaka mpya. Ya pili iliangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi. Kwa nyumba kama yetu ya Kilosa, ambayo mama ni Mwislamu, baba Mkatoliki na bibi mzaa mama ndiye mwenye jiko, hiyo ilikuwa na maana moja tu: pilau mara mbili ndani ya wiki moja. Nilikuwa na miaka kumi. Nilianza kuhesabu siku tangu Novemba.

Pilau tuliila. Lakini mkekani palikosekana kitu ambacho sikuwahi kuona kikikosekana, na ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba pengo lile halikuwa la nyumba yetu peke yake.

Kilichokosekana ni mtindi. Najua wengine mtashangaa. Pilau na mtindi? Watu wengi ninaokutana nao hapa Dar wanataka pilau na kachumbari, na ndizi mbivu pembeni, basi. Bibi yangu alikuwa anaweka bakuli la maziwa ya mgando katikati ya sinia, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na kila mtu anachovya tonge lake kwa zamu. Kachumbari ilikuwepo kwa ajili ya wageni. Sisi wa nyumbani tuligombea mtindi.

Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikiandika juu ya vitabu. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya sufuria. Kwa kweli nimejaribu kutafuta kitabu kitakachonieleza jinsi pilau ilivyofika Kilosa na jinsi mtindi ulivyoingia kwenye pilau ile, sikukipata. Mtoro bin Mwinyi Bakari alituachia Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa 1903, kikieleza ndoa, ngoma na sikukuu za watu wa Mrima. Watu wa bara, hasa wanawake wa bara na majiko yao, hawakupata Mtoro wao. Kwa hiyo itabidi niunganishe mwenyewe: nilichosoma, nilichoambiwa na bibi, na nilichokila.

Kibaba cha njiani

Tuanze kabla ya reli. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita karibu na Morogoro ya leo, ikavuka tambarare ya Mkata, ikaingia bonde la Mto Mkondoa na kupanda milima ya Usagara kwenda Mpwapwa, Ugogo, Tabora na hatimaye Ujiji. Kilosa imekaa kwenye mlango wa bonde hilo. Anayetoka pwani hapa ndipo anapoiaga tambarare. Anayetoka bara hapa ndipo anapovuta pumzi baada ya milima.

Wapagazi walihitaji kula. Posho yao ilipimwa kwa kibaba, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Chakula chenyewe kilinunuliwa njiani kwa nguo na shanga: mtama, mahindi, kunde, kuku, viazi vitamu. Ina maana babu na bibi zetu wa Usagara walikuwa wanapikia wageni, au kuwauzia cha kupika, muda mrefu kabla ya hoteli ya kwanza kufunguliwa. Leo neno posho tunalijua zaidi kwa bahasha za semina, na kibaba kimebaki kwenye methali ya haba na haba. Lakini pishi bado ipo hai. Kila mwisho wa Ramadhani bibi alikuwa anapima zakatul-fitri ya kila mtu wa nyumba, pishi moja moja ya mchele, na kutupeleka watoto kuigawa kwa majirani wasiojiweza kabla watu hawajatoka kuswali Idd. Alipimia kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Kipimo cha msafara, kwenye kopo la dukani.

Njia ile haikuwa rahisi. Masika ya 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alihangaika kuvuka tambarare hiyo ya Mkata ambayo yeye aliiandika Makata. Maji yalikuwa yameifunika. Naomba uyakumbuke maji hayo, tutarudi kwake. Na mwishoni mwa 1884 akapita Mjerumani Carl Peters na karatasi zake za mikataba, akazitiisha sahihi kwa watawala wa Usagara, mmojawapo pale Msowero, katika Kilosa hii hii. Mwezi Februari 1885 karatasi hizo zikapata kibali cha Kaisari kule Berlin. Nchi ikawa imeandikwa kwa jina la watu ambao hawakuwahi hata kujua mboga ya mlenda inachumwa wapi.

Reli ikafuata. Ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kupanda hadi kufika Kigoma 1914. Kandokando yake kukawa na maduka ya Wahindi na Waarabu, na baadaye mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka mbali: Unyamwezi, Uha, Ubena, Ungoni. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka upande wa Tabora akiwa kijana, akaja kukata mkonge Kimamba kwa mkataba, akamwona binti wa Kisagara, hakurudi tena. Na kwa kuwa Wasagara, kama Waluguru na Wakaguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, watoto wake wakawa wa huku. Alikuwa anasema kwa utani kwamba alikuja na namba akaondolewa na jina.

Desemba ya kwanza: 1968

Bibi alikuwa hana kalenda ya ukutani, lakini alijua hesabu ya mwezi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idd inatembea nyuma kila mwaka, na huchukua takribani miaka 33 kuzunguka na kurudi ilipokuwa. Alikuwa anasema Idd na Krismasi "ziliwahi kulala nyumba moja" alipokuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Nimehesabu: ni 1968. Mwaka huo nao ulikuwa na Idd el-Fitri mbili, ya kwanza tarehe mosi Januari na ya pili karibu na tarehe 21 Desemba.

Hiyo ndiyo Desemba aliyopika pilau kwa mara ya kwanza. Kwao hakuikuta. Mama yake, siku ya sikukuu, alipika wali mweupe kama mchele ulipatikana, na kama haukupatikana alisonga ugali wa mtama kwa kuku au kwa kambale wa mtoni. Pilau ilikuwa chakula cha watu wa stesheni na maduka. Jina lenyewe lina safari yake, limevuka bahari kutoka Uajemi na Uhindi likafika pwani yetu, na kutoka pwani likapanda treni. Bibi alifundishwa na jirani, mke wa fundi wa reli, mama wa Bagamoyo aliyekuwa akiishi nyumba za kota. Bizari, iliki, karafuu na mdalasini zilinunuliwa duka la Mhindi, kila kimoja kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa kama pembe. Sukari ya chai ilikuwa ya Kilombero, kiwanda kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Kidatu, ambako reli nyingine ilikuwa imechepuka kutoka Kilosa kupitia Mikumi.

"Ya kwanza iliungua," aliniambia. "Babu yako akala ukoko, akasema ndiyo pilau ilivyo. Sikumsahihisha."

Na mtindi? Hapo ndipo anaingia mtu ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Sisi tulimwita yeyo, maana ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. Alikuwa wa Waparakuyo, wafugaji ambao wapo Kilosa tangu kabla ya wazee wetu kuzaliwa, na kijiji chao kinachojulikana zaidi ni Twatwatwa, upande wa Kimamba. Mama yake yeyo alikuwa akimletea maziwa mama yake bibi. Wakarithishana wateja kama watu wanavyorithishana shamba. Malipo hayakuwa pesa sana siku hizo: kibuyu cha maziwa kwa unga, kwa chumvi, kwa tumbaku, baadaye kwa sukari.

Sasa fikiria kalenda ya Desemba Kilosa. Mpunga unavunwa kuanzia Mei na Juni. Ikifika Desemba ghala limepungua na mchele sokoni umepanda bei. Ndiyo maana wali ulikuwa wa sikukuu tu. Kwa mkulima Desemba ni mwezi wa kubana. Kwa mfugaji ni kinyume chake. Vuli imeshanyesha, majani yameota, ng'ombe wanashiba na maziwa yanakuwa mengi hadi yanaganda yenyewe. Mmoja amepungukiwa nafaka, mwingine maziwa yamemzidi. Bibi alikuwa na pilau kidogo na midomo mingi; yeyo alikuwa na mtindi mwingi na hamu ya wali. Ukitia mtindi, sinia moja inashibisha watu wengi zaidi. Basi, ndivyo ilivyokuja. Hakuna aliyekaa akabuni. Yeyo naye aliondoka na pilau yake, imefunikwa kwa jani la mgomba.

Miaka ya katikati niipite haraka. Ulikuja wakati wa vijiji vya Ujamaa, watu wakahamishwa na kupangwa upya. Ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ambapo sabuni, mafuta na sukari vilikuwa habari ya foleni, na unga wa njano wa msaada tukauita yanga. Mama anakumbuka Krismasi moja ya kipindi hicho walipopika bulga kwa viungo vya pilau, bila nyama. Mtindi ulikuwepo. Anasema bila ule mtindi bulga isingemezeka.

Desemba ya pili: 2000

Nilimfahamu yeyo nikiwa mdogo kabisa. Alikuja Jumapili, asubuhi, shuka la bluu, vibuyu viwili ndani ya kikapu. Sisi watoto tulishindana kumwamkia kwa lugha yake: "Yeyo, takwenya!" naye anaitika "Iko!" huku akicheka jinsi tunavyolitamka. Bibi humwekea kigoda. Wanazungumza Kiswahili, cha yeyo kina lafudhi na cha bibi kina haraka, wanaongea juu ya mvua, magoti na wakwe. Bibi anamimina maziwa kwenye chombo chake, anaosha kibuyu, na hakirudishi kitupu. Hata kama ni kiganja cha karanga, ataweka. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Jumapili ya mwisho ya Novemba mwaka ule, Ramadhani ndiyo inaingia, yeyo alikuwa na haraka. Akaacha kibuyu kimoja kikiwa na maziwa ndani, akasema atakichukua wiki ijayo.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kaskazini mwa mji wetu, kundi la vijana wa Kimasai lilishambulia wakulima. Watu 38 waliuawa. Ugomvi wa mashamba na malisho ulikuwa umeshalimbikizana kwa siku nyingi kabla ya asubuhi ile, na watafiti wameuandika. Mimi sitaki kuwachosha na maelezo yao yote, ila jambo moja ni lazima nilitaje, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani watu wa makabila mawili waliamka tu siku moja wakachukiana. Ardhi ya Kilosa ilikuwa imeshagawanywa mara nyingi na kwa watu wengi. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua sehemu nzuri tambarare, na mengi yalikuja kubaki pori. Ranchi ikachukua sehemu yake Mkata. Kusini kwake, mwaka 1964, ikatengwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ikaongezwa 1975, na leo ina kilomita za mraba 3,230. Wakulima waliongezeka, mifugo nayo iliongezeka, na kilichobaki katikati yao kilikuwa kinazidi kuwa chembamba. Mvua ileile inayojaza vibuyu ndiyo inayootesha mahindi machanga, na ng'ombe hajui mpaka.

Mji ulinyamaza. Nakumbuka redio, nakumbuka magari ya polisi, nakumbuka watu wazima wakishusha sauti tukiingia. Nakumbuka tuliambiwa tusiende mbali. Jumapili iliyofuata yeyo hakuja. Na nyingine. Krismasi ikafika, tukala pilau kwa kachumbari. Siku mbili tatu baadaye mwezi ukaandama, Idd, tukala tena pilau kwa kachumbari. Mjomba mmoja akasema neno baya juu ya Wamasai wote. Bibi hakumjibu, ila alimwondolea sahani kabla hajamaliza, na yule mjomba ni mtu mzima mwenye watoto.

Kibuyu kilibaki kimetundikwa ukutani jikoni. Nilimwuliza bibi, miaka kadhaa baadaye nikiwa sekondari, kwa nini hakwenda Twatwatwa kukirudisha. Si mbali. Wakati huo maisha yalikuwa yamesharudi, Wamasai wapo sokoni, maziwa yanauzwa.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "ningekwenda na nini ndani yake?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia hata karanga. Akatingisha kichwa. Kulikuwa na watu aliowafahamu waliofiwa Rudewa. Kukirudisha kibuyu kikiwa na kitu ndani aliona kama anawasaliti wale waliozika. Kukirudisha kitupu aliona kama anamtukana yeyo, ambaye hakumuua mtu. Kwa hiyo hakukirudisha. Nadhani yeyo naye, huko alikokuwa, alipiga hesabu kama hiyo, akakiacha. Miaka tisa wanawake wawili wazee walikaa kilomita chache tu, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Maji

Mwishoni mwa Desemba 2009, katika wiki hiyohiyo ya Krismasi, mvua ilinyesha milimani na Mkondoa ukavunja tuta. Maji yaliingia mjini. Maelfu ya watu walihama nyumba zao na wengi wakaishi kwenye mahema miezi mingi. Reli ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa muda mrefu mwaka 2010 abiria wa bara walilazimika kuanzia safari Dodoma. Mji uliozaliwa na njia ukawa hauna njia.

Nilikuwa chuo, nilirudi likizo kabla ya mafuriko. Tulitoka usiku. Bibi alibebwa na baba mgongoni, naye akiwa amekumbatia kopo lake la kupimia zakat, sijui kwa nini hilo na si kitu kingine. Tuliporudi baada ya siku kadhaa, ukuta wa jiko wa udongo ulikuwa umelala. Mchele wa sikukuu, nusu gunia tuliokuwa tumeununua mapema kukwepa bei, ulikuwa umeota ndani ya tope. Kibuyu hakikuonekana. Niliona bibi akikitafuta kwa mguu ndani ya matope, polepole, bila kusema anatafuta nini, na hakuna aliyemwuliza.

Nilikuwa nimejiwekea kazi ya kuandika mapishi yake likizo ile. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja, nao ulikwenda na maji.

Mikumi

Bibi hakutaka kujenga tena palepale. Alihamia Mikumi kwa mama mdogo. Njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi inapita kata iitwayo Zombo na nyingine iitwayo Ulaya, kwa hiyo hadi anafariki alikuwa anajisifu kwamba katika wajukuu wote hakuna aliyefika Ulaya mara nyingi kuliko yeye.

Mikumi imechukua jina lake kwenye miti ya mikumi, ile jamii ya minazi iliyonyooka, na leo ni mji wa barabara. Magari ya Iringa, Mbeya, Songea na Zambia yote yanapita hapo, yakitoka kwenye kilomita kama 50 za kuvuka hifadhi kwa mwendo wa taratibu. Mama mdogo ana kibanda cha chakula, mama ntilie wa madereva. Desemba ndio mavuno yake. Watu wanarudi makwao, mabasi yamejaa, na abiria akishamaliza kuona tembo na twiga dirishani anashuka na njaa. Anapika pilau sufuria kubwa mbili kuanzia tarehe 15 hadi mkesha wa mwaka mpya.

Ni hapo Mikumi, Desemba ya 2011, nilipoona mtindi umerudi kwenye sinia. Nilishtuka. Kumbe kuna mama mmoja wa Kimasai alikuwa anapitisha maziwa pale kibandani kila asubuhi, anawauzia madereva. Mama mdogo alikuwa ananunua ya chai. Wiki ya Krismasi bibi, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuchambua mchele na kutoa amri, alimwita yule mama, akamwekea kigoda, akamwuliza ametokea wapi. Siyo Twatwatwa. Hakuwahi hata kumsikia yeyo wetu. Bibi akanunua kibuyu kizima, akamimina, akakiosha, akatia karanga, akakirudisha.

Sijui kama kwa bibi hilo lilikuwa deni limelipwa. Nilitaka kumwuliza, nikaona ameshageukia mchele. Alifariki 2016, Mikumi, na tulimzika kwao Kilosa. Kopo lake analo mama.

Desemba ya tatu

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata hadi Dodoma, ikipita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa. Desemba ile niliipanda kwenda nyumbani. Safari ambayo misafara ilihesabu kwa wiki, na treni ya zamani kwa usiku mzima, ikaisha kabla sijamaliza hadithi fupi niliyokuwa nasoma. Niliteremka Kilosa, nikaenda sokoni, nikanunua mtindi kwa mama aliyeuweka kwenye chupa za maji ya plastiki. Hauna tena harufu ya moshi. Nilirudisha chupa siku ya pili na ndizi mbili. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, halafu akacheka akazipokea.

Idd na Krismasi zitakutana tena 2033. Mwaka huo utakuwa na Idd el-Fitri mbili, ya pili karibu na tarehe 23 Desemba, mwezi ukijaaliwa kuandama vizuri. Binti yangu atakuwa na miaka 14. Kwa ajili yake naandika hapa ule ukurasa uliokwenda na maji, na wewe msomaji unaruhusiwa kuutumia.

Nyama ya ng'ombe kilo moja, yenye mifupa. Ichemshe kwa tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi hadi ilainike, utunze supu. Mchele kilo moja, uuchambue mchana kwenye mwanga, uuoshe, uuloweke kidogo. Twanga kwenye kinu vijiko viwili vya bizari ya pilau, kijiko kimoja cha pilipili manga, iliki kumi na karafuu sita; mdalasini uuache mzima. Kaanga vitunguu vinne kwenye mafuta hadi viwe kahawia kabisa, kwani rangi ya pilau inatoka hapo, na ukiwa na haraka utapata wali wa manjano. Tia swaumu, viungo na nyama, ugeuze hadi harufu imfikie jirani. Tia supu ya moto, kwa bakuli moja la mchele mabakuli mawili kasoro kidogo. Ikichemka tia mchele, onja chumvi, funika. Maji yakikauka punguza moto chini, palia mkaa juu ya mfuniko, uiache kama nusu saa bila kufunua-funua. Ukoko ni wa mpishi.

Mtindi uwe wa siku mbili au tatu, mzito, usiuongeze sukari. Chumvi ya vidole viwili tu. Bakuli liwe katikati ya sinia, watoto waanze. Na kama maziwa umeletewa kwenye chombo cha mtu, kabla hujala kioshe, utafute cha kutia ndani yake, ukirudishe siku hiyohiyo.